Marehemu Adelard Kamugisha, Bwana Shamba wa Mbezi, na Suala la Bomba

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, akina mama wa bondeni, wafanyakazi wenzake wa idara ya kilimo, majirani na jamaa wote mliokuja kumsindikiza ndugu yetu leo Jumamosi tarehe 7 Juni 1997, wanaoitikia Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu hivyo, wanaoitikia Asalaam aleikum nawasalimu hivyo, na wazee wote shikamooni. Jina langu ni Wilbert, mdogo wake marehemu, dereva wa malori ya safari ndefu, na familia imenichagua kusoma historia hii kwa sababu moja tu, kwamba nina sauti kubwa.

Kabla sijaanza kuna jambo ambalo wengi wenu mmeshalisikia, na ambao hamjalisikia mtalisikia kabla ya jioni, kwa hiyo bora mlipate kwangu mwenyewe. Habari za kifo zilinikuta Iringa, nikaliacha lori kwa dereva mwenzangu, nikapanda basi la asubuhi, nikashuka hapa Mbezi juzi Alhamisi alasiri nikiwa sioni vizuri kwa machozi. Mbezi niliyoijua mie ilikuwa mihogo mitupu yenye nyumba mbili tatu, na Mbezi niliyoikuta ni nyumba tupu zenye mihogo miwili mitatu, basi nilipoona turubai na watu wamekaa mikekani sikuuliza, nikaingia nikilia kama tunavyolia kwetu Kagera, ambako mwanamume akifiwa na nduguye anaruhusiwa kuanzia kilio njiani, nikajitupa chini, nikagaagaa, nikapokewa kwa upendo mkubwa, nikapewa maji, nikapewa mto, nikaletewa wali na mchuzi wa samaki, nikala huku nalia. Ndipo mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, Mzee Twaha, ambaye leo tuko naye hapa, akanisogelea taratibu.

"Pole sana, mwanangu. Marehemu alikuwa nani yako?"

"Kaka yangu, mzee. Tumbo moja, tumenyonya ziwa moja."

Mzee Twaha akawatazama wenzake, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa, "Bibi Tunu? Aliyetuachia vilembwe?"

Mie nikaangalia sahani yangu, samaki ameshabaki mifupa. Mzee Twaha akanishika mkono kama mtoto wa shule, akanivusha barabara, akanileta mpaka hapa tulipo, akawaambia wenye msiba kwamba amewaletea mtu wao, na kwamba ameshakula.

Sisemi haya ili mcheke, ingawa naona baadhi yenu mmeinamisha vichwa na mabega yanatikisika, nayasema ili mjue kwamba mtu aliyepotea msiba ndiye aliyepewa kazi ya kuwaeleza maisha ya marehemu kwa usahihi, tena katika msiba wenye mkanganyiko. Maana tangu nifike, kila anayenipa mkono wa pole hauachii huo mkono, ananivuta pembeni na kuniuliza jambo moja, eti ni kweli Bwana Shamba alionekana bondeni, wiki chache kabla ya kuugua, jua likizama, akiwa na bomba la kupulizia dawa mgongoni. Huyu ni mtu aliyetumia miaka yake yote ya Mbezi kuwafundisha akina mama wasikimbilie dawa kila wanapoona mdudu kwenye kunde. Wapo wanaosema ni uzushi, wapo wanaosema wamemwona kwa macho yao, na wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema hiyo dawa ndiyo iliyomuua.

Na si maneno ya umbea tu, yana uzito wake. Masika ya mwaka huu yamekatika mapema kama mnavyojua, kunde za bondeni zimetoa maua katikati ya ukame, na vidukari wamejaa kwenye mashina mpaka yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi. Akina mama wamesema wazi kwamba wakishazika wataingia dukani kununua dawa na kulipiga bonde zima, majani na maua, kwa sababu kama mwalimu mwenyewe alikuwa anapiga kwa kificho basi wao walifanywa wajinga. Na shemeji yangu Demetria, mjane wa marehemu, ambaye si msemaji sana, aliponikabidhi kazi hii aliniambia kwamba hataki mume wake azikwe kama mwongo. Huo ndio mzigo niliopewa, na nimewahi kubeba shaba kutoka Zambia isiyokuwa na uzito huo. Tutalifikia, ila historia ina utaratibu wake, lazima mtu azaliwe kwanza.

Marehemu Adelard Kamugisha alizaliwa Kamachumu, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, tarehe 12 Machi 1954 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Mama yetu, ambaye kwa umri wake ameshindwa kusafiri, ameniambia kwa simu ya posta kwamba cheti kimekosea, kwamba Adelard alizaliwa wakati wa kupalilia maharage, na kila mtu wa kwetu anajua Machi maharage yanapandwa tu chini ya migomba, hayapaliliwi. Nilimuuliza padre mmoja, akasema cheti hakikosei, nikamrudia mama, akasema huyo padre hakuwepo chumbani. Basi nawasomea yote mawili, chagueni wenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akaendelea na sekondari mjini Bukoba kuanzia 1969 hadi 1972, na mwaka 1973 alijiunga na Chuo cha Kilimo Ukiriguru, Mwanza, alikohitimu cheti mwaka 1975. Huko ndiko alikopata ugonjwa wa kutazama wadudu, naomba mniwie radhi kuuita ugonjwa, lakini mtu akirudi likizo na kulala kifudifudi kwenye shamba la mama yake asubuhi nzima, wakati wenzake wanacheza mpira, sisi nyumbani tulimuita mgonjwa. Alikuwa anamtafuta inzi wa maharage, inzi mdogo mweusi anayetaga mayai kwenye jani changa, funza wake akashuka ndani ya shina mpaka karibu na mizizi, mmea ukanyauka huku mwenye shamba akilaumu jua. Mama alikuwa anamruka na ndoo ya maji kichwani, hamsemeshi.

Aliajiriwa serikalini tarehe 1 Julai 1975 akiwa bwana shamba msaidizi, akaanzia wilaya hiyo hiyo ya Muleba, na mwaka 1980 alihamishiwa Tukuyu, Mkoa wa Mbeya, nchi ya mvua na maharage, ambako alikutana na Demetria, binti wa watu wa huko, mwalimu wa shule ya msingi. Kuhusu ndoa nimepewa tarehe mbili, moja ya bomani mwaka 1981 na nyingine ya kanisani mwaka 1984, na kwa kuwa binti yao mkubwa, Tekla, alizaliwa mwaka 1982, Baba Paroko atasikia tarehe ya kanisani kwa sauti ya chini kidogo. Mtoto wa pili, Lusungu, alizaliwa mwaka 1986. Wote wawili wako hapa, wamekaa pale kulia karibu na mama yao.

Februari 1987 alihamishiwa Dar es Salaam, Wilaya ya Temeke, akapanga chumba Mtoni, na hapo ndipo ndugu yetu alipopata aibu ya kwanza ya maisha yake. Alikuja na mbegu za maharage ya Kamachumu kwenye sanduku la nguo, akazipanda nyuma ya nyumba aliyopanga akiwa na hakika kwamba udongo ni udongo. Maharage yakaota vizuri, yakatoa majani mazuri kuliko ya kwetu, kisha joto la Mtoni likayapukutisha maua yote, na mashina yaliyobaki inzi wake wa siku zote akamalizana nayo. Mwenye nyumba, mzee wa Kizaramo ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa anapita na kutikisa kichwa, alimwita watu wakisikia, akamwambia, "Bwana Shamba, wewe ni kama sharifu asiyejua kusali," kisha akamtumia mke wake na sahani ya kunde za nazi. Kaka aliniambia kwamba alikula zile kunde mpaka sahani ikawa nyeupe, akaenda kuomba mbegu.

Tangu hapo akawa mtu wa kunde, na mwaka 1990 alipohamishiwa Kinondoni na kuletwa huku Mbezi, alizikuta kunde bondeni zikilimwa na akina mama ambao walikuwa wanachuma majani kwa mboga na kuacha maganda yakomae kwa ajili ya nyumbani. Mnakumbuka miaka ile mambo yalivyokuwa, wakati wa ushirika dawa ilikuwa inasubiriwa mpaka mdudu anazeeka, ghafla biashara ikafunguliwa, na dawa ikawa inauzwa kila kona, imekaa rafu moja na betri, biskuti na khanga, inapimwa kwenye chupa ya soda bila jina wala maelezo, ya pamba hiyo hiyo, ya kahawa hiyo hiyo, ya mboga hiyo hiyo. Kijana wetu Stanley naye akafungua duka lake pale njia panda, na namtaja bila ubaya wowote, kwa sababu turubai lililotukinga jua leo ni la kwake.

Mwaka 1993 mwezi wa sita, nyumba moja ya bondeni iliangukia hospitali karibu yote kwa sababu ya mboga ya kunde iliyochumwa siku moja baada ya kupigwa dawa, na miongoni mwao alikuwemo Nusaiba, mjukuu wa Bi Somoe, mwenyekiti wa akina mama wa bondeni. Mwenyezi Mungu aliwaponya wote, na Nusaiba mwenyewe ndiye aliyewagawia maji leo mlipoingia. Lakini siku alipomtoa mjukuu hospitali, Bi Somoe alikuja moja kwa moja kwa kaka, akavua kandambili, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akasema, "Haya, Bwana Shamba. Miaka mitatu unaongea tukikucheka. Leo ongea."

Naye akaongea. Hapa waliofanya naye kazi watanielewa, marehemu alikuwa na kila kipaji isipokuwa cha kumaliza sentensi. Alikuwa anaanza vizuri, anaingia katikati, anapita kwenye mizizi, anapanda kwenye shina, anageuka na kusema lakini, halafu tena isipokuwa, na anapofika mwisho wenyewe, wasikilizaji wameshakwenda kuteka maji. Alichofundisha, kwa jinsi nilivyokipata mimi kwa vipande, ni kwamba kunde zipandwe mapema na kwa pamoja bonde zima, mdudu asipate mahali pa kuhamia, kwamba ziwe na mistari ya mahindi katikati yake, kwamba udongo uinuliwe kwenye shina ili mmea uliotobolewa na funza uote mizizi mipya juu ya jeraha, kwamba mmea uliooza ung'olewe na kufukiwa, kwamba majani ya mwarobaini yatwangwe, yalowekwe na kunyunyizwa, na kwamba wale mende wadogo wekundu wenye madoa meusi waachwe, kwa sababu wao ndio wanaokula vidukari.

Hilo la mende lilileta ubishi mkubwa, kwa kuwa akina mama walikuwa wanawaponda hao kwanza kabla ya wadudu wengine wote. Bi Somoe alisema mdudu aliyevaa vizuri hivyo hawezi kuwa shambani kwa kazi ya halali. Kaka akamwekea mende mmoja kwenye jani lenye vidukari, akamwambia akae atazame, na Bi Somoe akakaa, akatazama, mpaka wenzake wakamfuata kujua kama yuko salama. Alipoinuka alitoa amri kwamba atakayemponda tena mkwe wake atamlipa, na jina la mkwe limebaki kwa wadudu hao mpaka leo.

Kisha akawafundisha kuhesabu. Kila mama alikuwa anakwenda shambani na punje chache, maharage kwenye pindo moja la khanga na mahindi kwenye pindo la pili, anapita kwa kukata kona, anasimama hapa na pale, akikuta mmea wenye vidukari anatoa harage na kulitia mfukoni, akikuta mmea wenye mkwe anatoa punje ya hindi, na akitoka shambani anamwaga alivyonavyo chini na kulinganisha. Mahindi yakizidi, anarudi nyumbani kupika. Maharage yakizidi, anakwenda kumwita Bwana Shamba, na Bwana Shamba anakuja na ndoo ya mwarobaini, anawaambia wasipige dawa ya dukani, isipokuwa, na hapo ndipo mama mmoja alipokuwa anakumbuka kwamba ameacha chungu motoni, na mwingine kwamba mtoto yuko peke yake. Mimi mwenyewe nimeketi naye mara nyingi nikielezwa, na naapa mbele ya jeneza hili kwamba sijawahi kufika upande wa pili wa hiyo isipokuwa, nilikuwa nimeshasinzia. Hiyo haikunizuia kulisambaza somo lake kuanzia Kapiri Mposhi hadi Mzuzu, kila lori lilipoharibika karibu na shamba, na nina wasiwasi kwamba kuna wakulima Malawi wanatembea na maharage mfukoni bila kujua kwa nini.

Matunda ya kazi hiyo mnayajua. Mboga ya bonde hili ilipata jina sokoni Manzese, akina mama wa Kawe wakawa wanaifuata mpaka huku, na tangu mwaka ule hakuna mtoto wa bondeni aliyelazwa kwa sababu ya chakula cha jioni. Tarehe 30 Juni 1995 marehemu alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, kama serikali ilivyokuwa ikipunguza watu wakati ule, na kesho yake asubuhi alivaa viatu vile vile, akashuka bondeni kwa njia ile ile. Shemeji alimuuliza anakwenda wapi, akamjibu kwamba wadudu hawajapunguzwa.

Sasa nimefika mahali ambapo karatasi yangu ina mistari iliyokatwa mingi kuliko iliyobaki. Kuhusu bomba nimeuliza kila mtu. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia kwamba yeye anajua kwa hakika lilikuwa na maji matupu, nilipomuuliza amejuaje, akasema amedhani. Bi Somoe ameniambia kwamba alimwona kwa macho yake jua likizama, akiwa kwenye mistari ya kunde za shemeji, bomba mgongoni, kitambaa usoni, na kwamba yeye Bi Somoe alijibanza nyuma ya mgomba ili asimwaibishe, na tangu jioni ile usingizi wake umekuwa wa vipande. Nikaenda kwa Stanley nikitumaini kwamba atakanusha.

"Braza, mie sidanganyi kwenye msiba," Stanley alinijibu. "Nilimuuzia. Tena alinisumbua sana, chupa ya kupima hakuitaka, akanifanya nihangaike mpaka Kariakoo kumtafutia yenye karatasi ya maelezo. Nikamwambia Bwana Shamba, leo umekuja kwangu. Hakucheka."

Nikaenda stoo kulitazama bomba lenyewe, nikalikuta limeoshwa na kuning'inizwa msumarini, nikalifungua, nikalinusa kwa kirefu kama mtu anayejua anachokitafuta, nikapata harufu ya bomba. Nikatoka nikiwa nimechanganyikiwa zaidi, maana alipiga na hakutakiwa kupiga, na kama alitakiwa kupiga basi kwa nini gizani, na kama si kwa kificho basi kwa nini hakumwambia Bi Somoe, na kama alikuwa mwongo basi mimi mdogo wake sijawahi kumjua.

Niseme moja ambalo halina mkanganyiko. Marehemu alianza kuumwa Jumatatu tarehe 26 Mei, akashikwa na homa kali na kutetemeka, akatumia vidonge akiwa nyumbani, na Ijumaa tarehe 30 Mei alipoanza kuongea maneno yasiyopangika alikimbizwa hospitali na kulazwa. Damu ilipimwa zaidi ya mara moja, na daktari ametuambia mimi na shemeji kwa lugha nyepesi kwamba ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, haikuwa sumu, haikuwa dawa ya shambani, haikuwa mkono wa mtu. Alifariki dunia Jumatano tarehe 4 Juni, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa amemshika mguu, marehemu akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu kwa cheti na miezi michache pungufu kwa mama. Anayeendelea kusema kwamba dawa ndiyo iliyomuua, aache leo. Ameacha mjane, watoto wawili, mama mzazi, ndugu sita na bonde.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, nawashukuru majirani mliokesha nasi, waliochimba kaburi na waliochota maji, wenzake wa idara ya kilimo, wale walio kazini na wale waliopunguzwa naye, walimu wenzake na shemeji, Baba Paroko na jumuiya, ndugu zetu Waislamu wa mtaa huu mliosimama nasi wakati nanyi mna tanga lenu, na akina mama wa bondeni, ambao pamoja na maswali yenu yote hakuna aliyekosa jikoni tangu Jumatano. Na wewe kaka, umelala sana mashambani kwa tumbo, lala sasa kwa mgongo, Mungu akupe amani, na upumzike humo.

Limebaki lile moja, na sikutaka kulisoma kwa maneno yangu, kwa sababu maneno yangu mmeshaona yanavyofika. Jana jioni nilikwenda mpaka kwenye mlango wa chumba ambacho shemeji amekaa chini pamoja na akina mama wenzake, nikasimama kizingitini, nikamuuliza kwa kuzunguka sana, kwamba je, katika historia niseme marehemu hakupiga dawa, au niseme inawezekana lilikuwa bomba la maji, au pengine nilipite tu suala lenyewe kwa heshima yake, watu wasahau. Bi Somoe, aliyekuwa anachambua mchele, mkono ukabaki juu ya ungo. Shemeji Demetria hakuinua hata uso, na hivi ndivyo alivyonijibu, nanukuu yote:

"Alipiga. Maji ya bomba nilichota mimi. Alihesabu, akaweka mwarobaini, akahesabu tena, wadudu wakazidi, akapiga mistari yangu tu, jioni, nyuki wakiwa wamelala, na mboga ile hatujaigusa mpaka leo. Hakuwaambia msipige, aliwaambia mhesabu kwanza, na nyie hamkuwa mnangoja amalize kusema. Andika hivyo, shemeji, na utoke mlangoni, unatuzibia hewa."